Kudarizi nembo kwenye makoti mazito ya kazi: chunga bitana

Ukiletewa makoti ya kazi ya turubai, yale mazito yenye bitana (kitambaa laini cha ndani) na pamba ya kujazia, hofu yote huelekea kwenye kitambaa cha nje. Kinaonekana kigumu, unawaza sindano itapitaje. Mimi nilianza hivyohivyo. Lakini turubai ni kitambaa kizuri mno kudarizi: halivutiki, halikunjamani ovyo, na nembo inakaa juu yake kwa heshima. Kinachoharibu kazi ni bitana.

Bitana inateleza. Unabana koti kwenye fremu, ile inayokaza nguo wakati cherehani inadarizi, unapapasa juu, pako shwari, kumbe chini pamejikunja na wewe huoni. Koti la kwanza kuniharibikia lilikuwa na mfuko wa ndani upande wa kushoto, palepale inapokaa nembo ya kifuani. Nembo ilitoka safi kabisa. Nilipogeuza koti nikakuta mdomo wa mfuko umeshonwa ukafungwa. Nilifumua jioni nzima, na bitana ikabaki na matundu yaliyonilazimu kulilipa koti lile.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuwasha cherehani naingiza mkono ndani ya koti na kutafuta mifuko, lebo na mishono minene. Kama bitana imeachana na turubai, nafumua mshono wake wa chini kiasi cha mkono kupita, naisogeza pembeni, nadarizi turubai peke yake, kisha naurudishia mshono. Ndani hapaonekani hata uzi mmoja. Inakula muda, na muda huo uhesabu kwenye bei yako tangu mwanzo.

Kama bitana imeshonwa pamoja na pamba koti zima, njia hiyo haipo. Hapo napiga kwanza mshono mrefu wa kushikiza kuzunguka eneo la nembo, ili tabaka zote zitembee kama kitu kimoja. Mteja namwambia mapema kuwa nyuzi za nyuma zitaonekana ndani. Akiambiwa kabla, anaelewa. Akijionea mwenyewe baadaye, anahisi umemlipua.

Fremu ya plastiki yenye skrubu inaweza kufaa, ila usiilazimishe. Ukiikaza kwa nguvu zako zote juu ya unene ule, inaacha alama ya duara, na bado inaweza kufyatuka katikati ya kazi. Fremu ya sumaku ndiyo ningekushauri ununue kabla ya kitu kingine chochote, kama cherehani yako inaikubali. Angalia vidole tu, inabana vibaya, na aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiikaribie.

Sindano ya 75/11 (namba hizi ni za unene wake) ya kazi za kawaida hupinda kwenye unene huu, na sindano iliyopinda hugonga chuma na kukatika. Mimi natumia 90/14, iliyo nene zaidi, yenye ncha kali. Mwendo naushusha hadi mishono 600 hivi kwa dakika. Uzi ni poliesta namba 40, kwa sababu nguo za kazi hufuliwa kwa ukali. Nyuma naweka kitambaa cha kuegemeza mishono, cha aina ambayo ziada yake hukatwa kwa mkasi. Kile cha kuchanika hakinipi amani kwenye koti lenye pamba.

Herufi ndogo zikatae. Sindano nene haichori vizuri kitu cha milimita nne. Na usisahau mishono ya msingi chini ya nembo: ndiyo inayolaza pamba, la sivyo kingo zinazama na maandishi yanaonekana kama yamemezwa.

Mara nyingi koti huingia kwenye cherehani kirahisi likiwa kichwa chini, kwa hiyo geuza na nembo digrii 180. Kisha zungusha fremu kwenye mpaka wa nembo bila kushona, uone kama zipu au mshono mnene uko njiani.

Makoti ya kuzuia mvua siyadarizi. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji, na nembo moja ina maelfu ya matundu. Nadarizi beji pembeni, naibandika kwa gundi inayofaa kitambaa kile, baada ya kuijaribu mahali pasipoonekana.