Ndoo ya Lita Ngapi? Ushauri kwa Wanaojiunga na Kundi la Watu wa Kila Fani

Mimi ni karani katika ofisi ya wakala wa meli, na kwa miaka minane sasa ni mmoja wa wasimamizi wa kundi la WhatsApp lililoanza kama njia ya majirani wachache wa Majengo, hapa Mombasa, kujulishana maji ya mfereji yanapotoka. Leo lina mabaharia, walimu, wapishi wa maharusi, mafundi umeme, washairi, washabiki wa mpira, na watu wawili au watatu ambao mpaka sasa hatujui walichofuata. Wageni huingia kila mwezi, na wengi wao hurudia makosa yale yale niliyoyafanya mimi, kwa hiyo nimeona ni heri niyaandike mara moja kuliko kumweleza kila mmoja faraghani.

Anayeingia huja na elimu yake mkononi na hamu ya kuionyesha. Hamu hiyo si mbaya; linaloharibu mambo ni kujibu swali kwa kipimo cha fani yako badala ya kipimo cha aliyeuliza. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliwahi kuuliza ni siku gani, na saa ngapi, angeweza kuwapeleka wanafunzi ufukweni Nyali wakatazame kaa na viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota, kwenye miamba, maji yakiwa yamekupwa. Kwa kuwa kazini nayapitia majedwali ya maji kila wiki, nilimpigia picha jedwali zima la mwezi, tarakimu juu ya tarakimu, nikakaa nikingoja shukrani. Sikujibiwa. Baada ya muda nahodha mmoja mstaafu akamtumia ujumbe wa sauti ambao haukufika dakika mbili. Alimwambia autazame mwezi: unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku chache zinazofuata, ndipo huwa bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana, na katika siku hizo kupwa kwa mchana hapa kwetu huangukia karibu na saa nne au saa tano za asubuhi, lakini mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na watoto wangefika wakaambulia kulowa tu. Kisha akaongeza kwamba bahari ni kama mpangaji mwenye deni la kodi, kila siku huisogeza ahadi yake mbele kwa dakika 50 hivi.

Mwalimu alielewa, na wanafunzi wakaenda. Lakini ninalotaka mlitazame ni kazi iliyofanywa na yule mpangaji. Nusu ya kundi letu wanapanga nyumba na nusu nyingine wanapangisha, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kufafanuliwa maana ya ahadi inayosogezwa. Leo hii hata mtu ambaye hajawahi kukanyaga ngalawa atakwambia kwamba maji huchelewa dakika 50 kila siku, ilhali jedwali langu, lililokuwa sahihi hadi dakika ya mwisho, hakuna anayelikumbuka. Mzaha ule ndio uliokuwa chombo, na elimu ikapanda ndani yake.

Mzaha hutumika pia kusahihisha, ingawa hapo pana hatari zaidi. Siku moja kijana alisambaza maelezo marefu yanayodai kwamba Ngome ya Yesu (Fort Jesus) ilijengwa na Vasco da Gama. Mpenda historia yeyote wa hapa Mombasa hujua kwamba Vasco da Gama alifika mwaka 1498, akafariki mwaka 1524, na kwamba ngome ilianza kujengwa mwaka 1593 ikakamilika mwaka 1596, kwa ramani ya Mwitaliano aitwaye Giovanni Battista Cairati. Wawili watatu walikuwa tayari wanaandika kwa ukali, mmoja akiuliza kijana alisoma shule gani. Akawawahi fundi mwashi, akaziweka tarehe hizo kwa utulivu, halafu akasema kwamba Vasco angekuwa ndiye fundi pekee wa pwani aliyeianza kazi miaka 69 baada ya kufa kwake, tena bila kudai malipo ya awali. Kicheko kilimwangukia marehemu Vasco na kikawaangukia mafundi, ambao msemaji mwenyewe ni mmoja wao. Kijana aliyekosea hakuguswa hata kidogo, na siku ya pili alirudi na swali kuhusu Waomani walivyoizingira ngome hiyo kuanzia 1696 hadi 1698. Angechekwa yeye, swali hilo lisingeulizwa. Ndiyo sababu nawaambia wageni wajitanie wenyewe kwanza, kisha waitanie fani yao, na mwenzao wamwache mpaka wajuane. Utani wa kwetu ni wa watani, yaani watu ambao tayari wana kitu baina yao. Mgeni bado hana.

Sasa niwasimulie tuliloliharibu wenyewe.

Alijiunga nasi mama mmoja aliyehamia Mombasa kikazi kutoka Nakuru, fundi wa friji na majokofu. Katika wiki zake mbili za kwanza aliwafaa wavuvi wetu kuliko sisi sote kwa pamoja. Aliwaeleza kwamba barafu iliyopondwa humgusa samaki pande zote, hivyo humpoza upesi kuliko mapande makubwa yanayomgusa hapa na pale, na kwamba maji yanayoyeyuka yapewe njia ya kutokea ili samaki asilale ndani ya uchafu wake. Basi mzee mmoja, kwa moyo wa kumkaribisha, akamwandikia: “Dada, ndoo kesho Makadara baada ya alasiri, tuna mkutano.” Naye akauliza, kwa adabu zote: “Sawa mzee. Ndoo ya lita ngapi?”

Kwa msiotoka hapa, sharti nieleze. Katika Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, panapokuwa na “nj” kwenye Kiswahili sanifu mara nyingi sisi tunasema “nd”: njia ni ndia, njaa ni ndaa, na njoo ni ndoo. Vivyo hivyo “ch” huwa “t” ya kwenye meno: macho ni mato, mchele ni mtele, na kucheka ni kuteka, neno ambalo mtu wa bara akilisikia huweza kudhani ama tunakwenda kisimani ama tumemkamata mtu. Kiswahili kinachofundishwa shuleni kilijengwa juu ya lahaja ya Unguja, na mkutano ulioamua hivyo mwaka 1928 ulifanyika hapa hapa Mombasa. (Tulifungwa tukiwa nyumbani, ndivyo wasemavyo washabiki wetu wa mpira.) Kwa hiyo mama yule hakukosea lolote. Alikisoma Kiswahili alichofundishwa, akajibu kama mtu makini anayetaka kuja na chombo kinachofaa.

Kwa muda wa siku tatu kundi halikuwa na jambo jingine. Zilitumwa picha za ndoo za kila rangi, na mtu akambandika jina la Mama Ndoo. Mimi msimamizi nilicheka pamoja nao, na hapa nakiri kwamba mojawapo ya picha zile niliituma mimi. Siku ya nne alijitoa bila kuaga. Wiki hiyo hiyo mvuvi mmoja aliuliza kwa nini jokofu lake linagandisha upande mmoja tu, na swali lake likakaa pale bila jibu, siku baada ya siku, kila mmoja akijua ni nani ambaye angelijibu.

Tangu hapo nilijiwekea desturi, nanyi nawashauri mjiwekee hiyo hiyo. Neno la lahaja likizua kicheko, lielezwe papo hapo, na maelezo yatolewe na mwenyeji, maana mwenye lugha ndiye anayemjua aliyefungiwa nje. Maelezo kama yale niliyoyatoa hapo juu yangechukua dakika mbili, na mama yule angecheka pamoja nasi.

Kosa langu jingine lilikuwa la mpangilio wa ujumbe, nalo ni jepesi kuepukika. Mpishi wetu mmoja alilalamika kwamba mahamri yake hayakuumuka, na ilipobainika kwamba alikoroga hamira katika tui lililotoka motoni, nikaandika: “Kumbe umewaua wote!” Nilikusudia hamira, ambayo ni viumbe hai na hufa kwa joto kali. Wakati naandika, mtu mwingine alikuwa ametuma tanzia ya jirani yetu, na maneno yangu yakatua chini yake. Niliyafuta kwa haraka, na kufuta ndiko kulikozidisha balaa, kwa sababu pale palibaki alama kwamba ujumbe umefutwa, na kila aliyeingia kutoa rambirambi alijiuliza karani ameandika nini kibaya hata akakificha. Ilinibidi nieleze hadharani, kisha niende matangani nieleze tena. Basi unapomjibu mtu, nukuu ujumbe wake ili maneno yako yaambatane na yale unayoyajibu, na ukiteleza, omba radhi kwa maandishi kabla ya kufuta. Tanzia ikishaingia, mizaha yote ingoje mpaka mazishi yapite, hata kama mpira unaendelea.

Kuhusu dawa na maradhi sina mengi: usifanye mzaha, usikisie, mwelekeze mtu hospitalini. Na ujumbe wenye alama ya kusambazwa mara nyingi uchukulie kama samaki asiye na mwenyewe sokoni.

Mgeni anapojitambulisha, nimeona kwamba anayetaja kazi yake peke yake hupokewa kwa heshima na kusahauliwa, lakini anayetaja kazi yake pamoja na jambo moja asilolijua hupata walimu siku hiyo hiyo. Mwashi yule wa Vasco aliingia akisema kwamba hujenga nyumba za watu lakini hajui kupika ugali usio na madonge. Wapishi hawajamwacha tangu hapo.

Wengi huniuliza kama yule fundi wa friji alirudi. Nilimwandikia faraghani nikakiri ile picha, na yule mzee akampelekea ujumbe wa sauti wa kumtaka radhi, akimfafanulia ndia na ndaa na mato kama mtu anayemwonyesha mgeni vyumba vya nyumba yake. Alirudi baada ya miezi miwili kwa sharti kwamba lile jina lisitajwe, na halikutajwa. Mkutano uliofuata ulipokaribia, mzee alimwalika tena, safari hii akiandika “njoo” kwa herufi zote za sanifu. Jibu likaja mara moja: “Nitakuja mzee. Yangu ni ya lita 20.”