Adapta haishushi umeme: yaliyonikuta na pasi ya Marekani

Mleta mada, umeuliza kama dada yako akikutumia pipa kutoka Marekani lenye pasi, blenda, maikrowevu na laptopu, utanunua adapta tu uchomeke. Mimi niliporudi Dar nilifanya hivyohivyo, nikala hasara.

Nilikuwa na pasi ya wati 1,200, nimeitumia Ohio miaka minne haijawahi kunisumbua. Nikaivalisha adapta ya pini tatu, nikawasha. Hata dakika haikuisha, harufu ya plastiki ikajaa chumba kizima, kisha moshi. Shati lilipona kwa sababu nilikuwa bado natafuta hanga.

Kule umeme wa nyumbani ni volti 120, hapa kwetu 230. Wengi hudhani volti zikikaribia mara mbili na joto litakuwa mara mbili. Thubutu! Linapanda karibu mara nne. Pasi yangu ilikuwa inakula kama wati 4,400 badala ya 1,200. Adapta kazi yake ni kubadilisha umbo la pini tu, volti zinapita kama zilivyo. Na usijipe moyo kwamba fyuzi ya ampea 13 itakuokoa: pasi ile ilivuta ampea 19 hivi, na fyuzi hiyo inaweza kuzivumilia muda mrefu tu kabla ya kukatika. Tena adapta nyingi za bei poa hazina fyuzi kabisa.

Laptopu usiwe na wasiwasi. Chukua chaja, soma yale maandishi madogo mgongoni. Ukiona 100-240V na 50/60Hz, hapo adapta inatosha. Chaja za simu ni vilevile. Kifaa kikiwa kimeandikwa 120V peke yake, usikichomeke moja kwa moja kwenye soketi.

Blenda inahitaji transfoma ya kushusha umeme, ile mafundi wanaita stepu dauni. Hapa watu wanapigwa sana. Wati zilizoandikwa kwenye boksi la transfoma usiziamini moja kwa moja. Kwa kitu chenye mota chukua yenye uwezo kama mara mbili ya blenda, maana mota ikianza kuzunguka huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Halafu hiyo si stablaiza. Umeme wa mtaani ukipanda, na upande wa pili unapanda. Ukimaliza kazi ichomoe. Ikiachwa kwenye soketi bila kazi inapata joto na kula uniti zako za LUKU.

Maikrowevu ndiyo ilinifunza jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Nilinunua transfoma nzuri, volti zikawa 120 sawasawa, ikawaka. Saa yake nikaitegesha saa mbili usiku. Kesho yake saa mbili asubuhi yenyewe inasema saa kumi na mbili! Nikadhani mbovu, kumbe inahesabu mawimbi ya umeme: Marekani ni hezi 60, yaani mawimbi 60 kwa sekunde, sisi 50, kwa hiyo kila saa moja inachelewa dakika kumi. Transfoma ile inashusha volti, hezi haibadilishi. Saa si kitu, tatizo ni kwamba transfoma kubwa ya ndani ya maikrowevu iliyotengenezwa kwa hezi 60 inachemka kupita kiasi kwenye 50. Yangu ilianza kunguruma kama mashine ya kusaga, nikaistaafisha kabla haijaniunguzia jiko.

Nyongeza kwa wanaonunua mitumba ya Japani: kule ni volti 100, si 120. Jiko la wali la Kijapani ukilipitishia transfoma ya vifaa vya Marekani, ile ya kutoa volti 120, unaliongezea joto kwa zaidi ya asilimia 40. Tafuta transfoma yenye tundu la 100.

Mwambie dada pasi aiache, zinauzwa Kariakoo; nafasi yake aweke nguo. Maikrowevu pia aache. Ya blenda, apige picha kile kibandiko cha chini uiweke hapa, nikuambie transfoma ya wati ngapi.