Timu ya usawa, yenye uwiano, au inayozibiana?

Msomaji mmoja anayecheza Pokémon (gemu ya kupambanisha timu za viumbe sita, kila kiumbe akiwa na aina yake, kama maji, umeme au barafu) na wenzake anawaandalia mwongozo mfupi, kwa Kiswahili, wa kupanga timu ya mashindano. Amekwama hapa: "Ili ushinde, lazima timu yako iwe ya usawa. Gyarados yangu ina udhaifu wa umeme mara nne zaidi, kwa hiyo Garchomp inaizibana." Wenzake wamemkosoa kila mtu kwa lake. Mmoja anataka "timu yenye uwiano", mwingine "timu iliyobalansi", na wa tatu anashangaa kiumbe anayepumua kama Gyarados kuandikwa "ina". Anaomba nimwambie nani kapatia.

Tuanze na usawa. Usawa ni hali ya kulingana: usawa wa kijinsia, usawa mbele ya sheria, mita kadhaa kutoka usawa wa bahari. Ukiandika "timu ya usawa", nitakachoelewa ni kwamba wote sita wana nguvu moja, na sicho unachokusudia. Mwaka 2014, Se Jun Park wa Korea Kusini alitwaa ubingwa wa dunia wa Pokémon mjini Washington, na kwenye timu yake alikuwemo Pachirisu, kindi mdogo ambaye ukijumlisha takwimu zake zote za msingi (uhai, nguvu, kinga, kasi) unapata 405. Garchomp, aliyekuwa timu hiyo hiyo, ana 600. Kazi ya kindi yule ilikuwa kuyavuta mashambulizi ya wapinzani yamwelekee yeye, ili mwenzake afanye yake bila kuguswa. Tena umeme ukimpiga haumdhuru, unamwongezea uhai. Na katika timu hiyo alikuwemo pia Gyarados, ambaye hakuna kinachomtisha kama umeme. Usawa hapo haupo hata kidogo, na timu ikabeba kombe.

Uwiano nao ni kiasi cha hiki kwa kile: uwiano wa walimu na wanafunzi, uwiano wa saruji na mchanga. "Timu yenye uwiano mzuri wa washambuliaji na walinzi" ni Kiswahili safi, sina neno. Ila sentensi hiyo inahesabu vichwa tu. Unaweza kuwa na watatu wa kushambulia na watatu wa kulinda, halafu wote sita wakaangushwa na barafu. Lipo pia neno urari, ambalo wachumi wanalo (urari wa biashara) na malenga wanalo (urari wa vina na mizani). Nalipenda, lakini kwenye mwongozo wa vijana wa gemu litaonekana limevaa koti na tai. Kuhusu "kubalansi", semeni mnavyotaka mkiwa mnacheza. Kwenye maandishi linasumbua, maana ukishaandika "iliyobalansi" atatokea mtu wa kuuliza kama ilibalansika yenyewe au ilibalansishwa, na mjadala wa timu utakuwa umekufa.

Kiswahili kimeshakutana na wazo hili mara nyingi na kila mara kimelipitia njia nyingine. Chakula chenye vyote mwili unavyohitaji tunakiita mlo kamili, wala hakuna anayesema mlo wa usawa. Watangazaji wa mpira wakiisifu timu isiyo na pengo wanasema "imekamilika kila idara". Hilo lingekufaa sana kwenye kichwa cha mwongozo wako: timu iliyokamilika kila idara. Usiache "kila idara", kwa sababu "timu imekamilika" peke yake maana yake wachezaji wote wamefika.

Hata hivyo kukamilika hakumalizi habari ya Pokémon. Kwenye mpira, beki mzuri ni mzuri hata akihamia timu nyingine. Huku thamani ya mmoja inategemea amekaa na nani. Kuna aina 18, na kila Pokémon ana moja au mbili. Gyarados ni wa maji na wa kuruka. Umeme unaumiza maji, unaumiza wa kuruka, kwa hiyo yeye unampata mara mbili ya mara mbili. Garchomp ni wa ardhi na joka. Umeme haumgusi kabisa, na mawe, ambayo pia ni tatizo la Gyarados, kwake yanapungua nguvu nusu. Ukiona mpinzani anajiandaa kurusha umeme, unamtoa Gyarados, unamwingiza Garchomp, na zamu ya mpinzani imepotea bure. Sifa unayoitafuta, basi, ni jambo wanalotendeana hawa wawili, na jambo la kutendeana Kiswahili hulisema kwa kitenzi.

Wewe mwenyewe ulilikaribia uliposema "inaizibana", ila umekosea viambishi viwili. Kwanza, -ana ya kutendana haitaki tena kiambishi cha mtendwa mbele ya mzizi. Tunasema "wanapendana", hatusemi "wanampendana". Pili, kuziba na kuzibia ni vitu tofauti. Kumziba mtu ni kumziba yeye: mdomo, pumzi, njia. Kumzibia ni kuziba kitu kwa ajili yake. Kale ka -i- kadogo kanabeba mzigo mkubwa: watu wanaopigana ni kesi ya polisi, wanaopigiana ni simu tu. Kwa hiyo wakizibana wanakosana hewa, wakizibiana kila mmoja anafunika pengo la mwenzake.

Halafu angalia msaada unaelekea wapi. Sentensi yako inamzungumzia Garchomp akimsaidia Gyarados, upande mmoja, kwa hiyo iwe "Garchomp anamzibia pengo la umeme". "Wanazibiana" iweke pale msaada unapokwenda na kurudi. Hawa wawili unarudi, japo kwa kiasi: Garchomp akitishiwa na barafu, inayompata mara nne, Gyarados anaweza kuingia akaipokea kwa kiwango cha kawaida. Ukiongeza Metagross wa chuma, barafu, joka na hata mapigo ya Pokémon wa kichimbakazi (fairy) yanapungua nusu kwake, na hapo unaweza kuandika kwa moyo mweupe kwamba watatu hawa wanazibiana mapengo. Wengine watakuambia "wanabebana", na mtaani linaeleweka, lakini jihadhari na jamaa zake: timu "inayobebwa" ni ile ambayo refa amekuwa mchezaji wake wa kumi na mbili.

Sasa "udhaifu wa umeme mara nne zaidi". Kosa la kwanza ni kwamba "udhaifu wa umeme" unaweza kusomeka kuwa umeme wenyewe ndio dhaifu. "Dhaifu dhidi ya umeme" ni afadhali, ingawa naona kitenzi kingekata maneno: "umeme unammaliza", "umeme unamuumiza vibaya". Kosa la pili ni "mara nne zaidi". Kuna watakaohesabu mara nne na kuna watakaohesabu mara tano, kwa kuongeza nne juu ya ile ya kawaida. Andika "mara nne ya kawaida". Na kwa mashambulizi yanayopungua au kukosa nguvu kabisa, usikimbilie "usugu". Neno sugu kwetu lina sifa mbaya, mhalifu sugu, malaria sugu, na kindi wa watu hajakukosea kitu. Yakipungua nusu, "anayahimili". Yasipofanya lolote, "hayamgusi".

Kuhusu "Gyarados yangu ina", mkosoaji wako wa tatu kapatia. Jina ni la kigeni, lakini kiumbe anapigana, anachoka, anazimia, kwa hiyo anafuata upatanisho wa viumbe hai: Gyarados wangu ana, Pokémon wangu sita wana. Ngeli ya jina haizuii. Kifaru wa mbugani anakimbia, kifaru cha jeshi ndicho kinachokimbia. Vivyo hivyo Pikachu wa kwenye mchezo anaruka, na Pikachu ya plastiki iliyo mezani imeanguka. Kuna mlango mmoja ulioachwa wazi. Viumbe vya kutisha Kiswahili hupenda kuvikuza, na vikikuzwa hubaki na li-: "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Gyarados ana umbo la joka la baharini, kwa hiyo ukitaka msomaji aingiwe na hofu kidogo unaruhusiwa kuandika "joka lile likainuka". Lakini fanya hivyo ukisimulia pambano. Ukitoa maelekezo, bakia na a- na wa-, mwongozo wote, bila kuchanganya.

"Pokémon zangu" utalisikia sana, kama unavyosikia mbuzi zangu na ng'ombe zangu. Katika Kiswahili sanifu "zangu" kwa walio hai tumewaachia ndugu, rafiki na jamaa. Kama umewalea tangu wakiwa mayai na sasa unawaona ni ndugu, hilo ni lako na wao.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Ili ushinde, panga timu iliyokamilika kila idara, ambayo wachezaji wake wanazibiana mapengo. Umeme unamuumiza Gyarados wangu mara nne ya kawaida, kwa hiyo namweka Garchomp amzibie pengo hilo, maana yeye umeme haumgusi."