Kabla ya Kumwekea Mtoto Tom and Jerry, Soma Majina

Mtoto akisema "niwekee Tom na Jerry", usibonyeze ya kwanza inayojitokeza kwenye simu. Paka ni yule yule, panya ni yule yule, ila wachoraji wamebadilika mara kadhaa, na tofauti yao ni ya usiku na mchana. Nimezitazama sana na wanangu, na siku hizi kabla paka hajatokea huwa nimeshasoma majina ya mwanzoni.

Ukiona William Hanna na Joseph Barbera, vuta kiti. Hao ndio waliowaanzisha wawili hawa kwenye studio ya MGM, California, mwaka 1940, na wakatengeneza filamu fupi 114, ya mwisho ikitoka 1958. Saba zilipata Oscar. Zilikuwa za kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema, kwa hiyo fedha za kuchora kila mkunjo wa mwili zilikuwepo. MGM ilipofunga kitengo hicho mwaka 1957, wenyewe walihamia kwenye televisheni, ambako bajeti ilikuwa ndogo: mwili umesimama wima, kinachocheza ni mdomo tu. Waliotazama The Flintstones, katuni yao ya televisheni, wananielewa.

Anza na The Cat Concerto ya 1947. Tom anaingia na koti lake la mkia, anakaa kwenye piano kwa maringo, anaanza kupiga kipande cha mtunzi Liszt. Kumbe Jerry kalala humo ndani, na nyundo za piano zinamrusha kutoka usingizini. Kuanzia hapo ni vita, lakini mtazame Tom usoni: anapigana na panya huku anajitahidi asiaibike mbele ya watazamaji. Neno halisemwi hata moja, ndiyo maana hata bibi yao asiyejua Kiingereza hucheka nasi.

Fanyeni na mchezo huu: tazameni kipande kimoja mkiwa mmezima sauti, kisha mkirudie mmefumba macho. Muziki wa Scott Bradley, mtunzi wa filamu hizi, hupanda ngazi paka anapopanda, hujikwaa anapojikwaa. Wangu walianza kubashiri kinachotokea kwa kusikia tu, na mdogo hakosei hata mara moja, eti.

Zipo 13 zilizotengenezwa Prague mnamo 1961 na 1962 chini ya Gene Deitch. Sauti zake ni kama zinatoka ndani ya pipa. Wanangu hawajali, mimi natoka sebuleni. Baada yake alikuja Chuck Jones na 34 za kwake, Tom akapata nyusi nene na madaha mengi. Michoro mizuri, mbio zimepungua. Jones mtafute kwenye katuni za studio ya Warner Bros., kwa Wile E. Coyote na Road Runner, mbweha na ndege anayemfukuza, aliowaanzisha mwaka 1949. Huyo Coyote hukimbia hadi hewani, hutazama chini, hututazama sisi, ndipo huanguka. Kule kututazama ndiko kunakochekesha.

Sasa lile ambalo wengi hulipita haraka. Katika filamu za miaka ya 1940 yumo mama mweusi, mtumishi wa nyumbani, sauti yake ni ya Lillian Randolph, na karibu kila mara unaona miguu yake tu. Pia baruti ikilipuka, mnyama hutokea na uso mweusi na midomo mikubwa kupita kiasi. Hiyo ni dhihaka iliyotoka kwenye majukwaa ya karne ya 19, Wazungu walipojipaka masizi ili kuwaigiza Wamarekani weusi. Baadaye vituo vya televisheni vilikata vipande hivyo, na katika baadhi ya matoleo mama huyo akachorwa upya kuwa mwanamke Mzungu.

Mimi sirukishi. Ninasimamisha. Binti yangu aliniuliza, "Baba, mbona huyu mama hana kichwa?" Nikamjibu kwamba waliomchora hawakuona haja ya kumpa. Alinyamaza kidogo, akauliza kama paka ana kichwa kwa sababu ni muhimu kuliko yeye. Mazungumzo yale yalikula muda mrefu kuliko filamu yenyewe.

Kama mtoto wako bado mdogo kwa maswali ya namna hiyo, mwekee The Cat Concerto, na akiizoea, Johann Mouse ya 1953, ambamo panya hachezi ila akisikia waltz, muziki wa dansi. Hizo nyingine zitazame kwanza peke yako.