Maswali yenu: tuitangazeje Wikipedia ya Kiswahili?

Mmeniuliza mengi kuhusu hili, nachukua manne.

Wanafunzi wangu wanajua Wikipedia ya Kiingereza tu, ya Kiswahili hawajawahi kuisikia. Nianzie wapi? (Mwalimu wa sekondari, Iringa)

Mwalimu shikamoo. Ipo tangu 2003 na bado watu wanashangaa kusikia ipo, na mi naona tatizo ni vile tunavyoitangaza, tunabandika nembo na maneno "kamusi elezo huru" halafu basi, mtu anaona anapita zake. Usitangaze tovuti, tangaza makala. We uko Iringa, fungua makala ya Mkwawa, andika sentensi mbili kuhusu fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na likawekwa pale Kalenga, tupia kwenye grupu la WhatsApp la wazazi pamoja na linki. Hakikisha linki inaanza na sw, maana wengi wakigugo wanaletewa ya Kiingereza wanadhani hakuna nyingine. Kisha darasani, hata kama mna simu moja tu, bonyeza Hariri mbele yao, rekebisha herufi iliyokosewa, hifadhi, halafu fungua Historia waone jina lako la utumiaji limeshaingia na saa uliyohariri. Mtoto akishaona vile anaelewa kumbe hii kitu inaandikwa na watu kama yeye, na siku hiyo hiyo atawaambia wa nyumbani.

Chuoni tunataka kufanya shindano, anayeandika makala nyingi zaidi anapata laptop. Wazo zuri? (Mwanafunzi, Mombasa)

Shindano sawa, ila hicho kigezo hapana jamani. Google walishafanya shindano kubwa la Wikipedia ya Kiswahili 2009 kwa wanafunzi wa vyuo wa Kenya na Tanzania, makala zikamiminika kwelikweli, lakini zawadi zilipoisha wengi hawakuonekana tena na waliobaki wakaachiwa kazi ya kusafisha. Ukihesabu idadi utapata mbegu, yaani makala fupi zisizokamilika za mistari miwili, na tafsiri za mashine ambazo hata aliyezibandika hajazisoma, tena siku hizi ndo rahisi zaidi kuliko wakati ule. Mpe alama anayekuza mbegu iliyopo, anayeweka marejeo, na zawadi kubwa iwekeni kwa atakayekuwa bado anahariri miezi mitatu baadaye. Na badala ya laptop moja gaweni bando kwa wengi, kuna vijana wazuri sana wanaoacha kuhariri kwa sababu ya bando tu.

Na wale wasiopenda kuandika msiwaache, waambieni wapige picha. Wiki Loves Africa ipo tangu 2014, ni shindano la picha, sharti ni picha uwe umeipiga mwenyewe na ukubali wengine waitumie kwa kukutaja. Pitia makala za miji yetu uone zilivyo tupu, soko halina picha, stendi haina picha.

Nikiwadhamini fulana na chakula, mtaniandikia makala ya kampuni yangu? (Mfanyabiashara, Mwanza)

Hapana kaka. Kama magazeti na vitabu visivyo vyako havijaiandika kampuni, makala itafutwa, na shughuli nzima itaonekana imenunuliwa. Dhamini, utashukuriwa ukumbini.

Tukitangaza sana si tutaleta na waharibifu? Na mafunzo yetu ya Jumamosi tuyaandaeje? (Mkutubi, Dodoma)

Watakuja ndiyo, na wakabidhi, yaani wasimamizi wanaoweza kufuta makala na kuzuia akaunti, ni wachache mno, ndo maana kila tangazo liende na watu wawili watatu waliokubali kukaa kwenye Mabadiliko ya karibuni, ukurasa unaoonyesha kila kinachohaririwa, wiki ile. Wewe mkutubi una nafasi yako kabisa, kila Januari tangu 2016 kuna kampeni ya wakutubi ambapo kila mmoja anaongeza rejeo moja tu, na vitabu unavyo hapo rafuni. Tarehe 7 Julai nayo, Siku ya Kiswahili Duniani, redio zinatafuta wa kuhoji, wapigieni mapema.

Kuhusu Jumamosi, kitu ambacho watu hawakumbuki: Wikipedia inaruhusu kufungua akaunti sita tu kwa siku kutoka wi-fi moja. Mkijaza ukumbi watu thelathini, wa saba anakataliwa na shughuli inapoa hapohapo. Kwa hiyo waambie wajisajili nyumbani kuanzia Alhamisi, na uandike ujumbe kwenye ukurasa wa Jumuia, pale wahariri wanapojadiliana, kwamba mnakuja, ili mkabidhi akiona akaunti mpya ishirini kwa mpigo asizizuie.