Jibu: Gundi ya ngozi ya ng'ombe haishiki

Ndugu, umeuliza kwa nini gundi ya ngozi uliyoichemsha haishiki kwenye viungo vya kiti. Tatizo ni huko kuichemsha: joto kali huvunja protini inayoshika mbao. Loweka chembe kavu za gundi hiyo kwenye maji baridi usiku kucha, kisha weka kopo lake ndani ya sufuria ya maji ya moto, nyuzi 60 hivi za Selsiasi, basi. Pasha na mbao joto kidogo, maana gundi ikipoa kabla hujabana kwa jiriwa (kifaa cha kubania mbao), kazi imeharibika. Kwa samani za ndani naipenda kuliko gundi nyeupe ya dukani: mguu ukilegea baada ya miaka, mvuke huufungua bila kupasua mbao. Kiti cha kukaa mvuani? Hapo usiitumie kabisa.