Gamla Stan hadi meli ya Vasa kwa miguu
Ukitazama ramani utadhani kutoka Gamla Stan, mji mkongwe wa Stockholm (Uswidi), hadi makumbusho ya Vasa, ile meli ya kivita ya kale, ni dakika 10 tu. Siyo, ndugu. Weka 40. Ramani inadanganya kwa sababu Stockholm imekaa juu ya visiwa 14: kisiwa cha Djurgården, yaliko makumbusho ya Vasa, unakiona ng'ambo tu ya maji, ila daraja lake liko mwisho wa barabara ya Strandvägen, kwa hiyo unazunguka ghuba yote. Karibu kilomita 3, njia tambarare na ya kupendeza (mimi nilisimama mara tatu kupiga picha, nikafika nimechelewa). Ukiwa na watoto, panda kivuko cha Djurgården pale Slussen, kando ya Gamla Stan, tiketi ya kawaida ya basi na treni za mjini inakubalika. Wakati wa baridi vaa viatu visivyoteleza, yale mawe ya Gamla Stan hayana huruma.